Geti Lililofungwa Zaidi

Jumatano, 12 Machi

Jumamosi dansi ya ukumbi kule Middlemarch. Bati la ukumbi linavuja. Kina mama wameamua kila mtu aje kwa baiskeli, kwa njia ya reli ya zamani, watu wamchangie pesa za bati jipya. Reli hiyo mimi nililipwa kuing'oa. Ningezembea kidogo tu, leo tungepanda treni.

Nataka dansi ya kwanza na Noeline. Basi. Mke wangu Iris kafa miaka mitatu sasa, nakula maharage ya kopo nimesimama. Noeline alikuwa rafiki yake. Anapikia wanyoa kondoo, ananiita shemeji. Nikicheza naye ya kwanza ntamkaribisha kwangu ale. Kiti cha pili ntatafuta.

Tatizo Clarrie. Jirani. Naye kafiwa na mke. Leo kaja na baiskeli ya betri. Mpya! Anakanyaga kama mtu anashona cherehani.

Noeline alipita jioni. Kasema kitu kuhusu kijiji cha Waipiata, dada yake, pai. Sikushika. Nilikuwa namwangalia Clarrie anawasha taa na jua lote lile.

Alhamisi, 13 Machi

Clarrie kanipita ndani ya handaki la reli. Kauliza kama babu anataka kuvutwa. Babu! Yeye kanizidi umri.

Tumefika Oturehua mchana, tunalala baa kwa Dot. Clarrie kachomeka betri nyuma ya kaunta, kaenda kujinyoosha. Nikasema naenda chooni. Nikachomoa waya. Safi.

Si safi. Nimechomoa friza.

Jioni Dot kakuta nyama imelainika yote. Kafoka, halafu kaichoma, kasema leni bure, nitaitupa wapi. Clarrie kala vipande vinne vya mbavu. Kasema aliyechomoa huo waya Mungu amzidishie. Kaniuliza mbona mzee mwenzangu huli. Ntakulaje? Nilishajaza tumbo supu.

Betri yake imejaa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeondoka alfajiri. Clarrie anakoroma, mbavu zile zimemlewesha. Upepo wa kusini, wote usoni kwangu. Makalio hayasemeki.

Waipiata nimepita bila kusimama. Nimesikia mtu ananiita. Waipiata kila mtu anapenda kupiga soga. Sina muda.

Mbele kidogo kuna geti la kondoo. Mimi ni mtu wa seng'enge, nimefunga uzio maisha yangu yote, sisafiri bila waya na koleo. Nikalifunga. Fundo langu lenyewe, mizunguko miwili, halafu mkia. Clarrie kazi yake ilikuwa kuuza matrekta, hajawahi kufungua hata kamba ya kiatu vizuri.

Huku geti unaliacha ulivyolikuta. Mtoto mdogo anajua. Nililikuta limefungwa. Nimelifunga zaidi.

Nimelala Hyde. Clarrie hajaonekana! Nimejipongeza kwa bia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefika wa kwanza. Nimepiga pasi suruali kwa chupa ya maji ya moto. Nimesimama mlangoni mwa ukumbi tangu kabla ya bendi kuja.

Nilijua Noeline atakuja na gari. Kaja na baiskeli. Na Clarrie. Wanacheka.

Noeline kashuka, kaniwekea waya mkononi. Kaniuliza naufahamu? Nikasema waya ni waya. Kasema, "Shemeji, fundo hili limeshika uzio wangu miaka ishirini. Mkia unatokea kushoto. Nchi hii nzima nani mwingine anafunga kwa mkono wa kushoto?"

Nikautia waya mfukoni.

Kumbe alikuwa Waipiata kwa dada yake. Kanisubiri mimi, twende pamoja, na pai ya kondoo kaibeba. Alinieleza yote Jumatano, eti niliitikia kwa kichwa. Nilivyopita kapiga kelele hadi sauti ikakauka. Ndipo Clarrie akatokea. Getini wakakaa chini, Noeline anafungua fundo, Clarrie anashika mkia. Pai ikaisha hapo hapo.

Clarrie kasema ganda lilikuwa laini sana, bwana, ungelionja. Kicheko chake!

Dansi ya kwanza kacheza na Clarrie. Ya pili pia. Mimi nimeshika ukuta.

Halafu Noeline kanifuata mwenyewe. Kasema Iris alikuwa akisema mimi ni mbishi kama kondoo dume ila miguu yangu inajua muziki. Kasema ya mwisho ni yangu, nitulie tu. Kaongeza kitu kuhusu kesho, Waipiata, chai kwa dada. Nikaitikia. Clarrie alikuwa anatoka nje kuangalia betri yake.

Hapo nikapata wazo.

Aliporudi ndani mimi nikatoka. Nikaifunga baiskeli yake kwenye uzio wa ukumbi, gurudumu la mbele, la nyuma, na kiti. Safari hii kwa mkono wa kulia! Mkia umetokea kulia. Imechukua muda, mkono huo mzito. Muziki wa mwisho umepigwa nikiwa chini ya kiti.

Niliporudi wanafagia.

Jumapili, 16 Machi

Nimewahi kuondoka. Clarrie nimemwacha kachuchumaa kwenye uzio, anatukana. Noeline kamshikia kikombe cha chai. Kaniangalia tu. Hana ushahidi. Mkia uko kulia.

Leo upepo mgongoni. Baiskeli inaruka! Nyuma hakuna mtu, nimegeuka mara nyingi kuhakikisha.

Waipiata dada yake Noeline alikuwa amesimama njiani, anapunga kitambaa cha meza. Kaniita kwa jina. Nimempungia na mimi. Watu wa Waipiata wakarimu sana.

Sikusimama. Nilikuwa wa kwanza.