Mwamuzi wa Kwanza wa Usambara

Jumanne, 10 Juni 1952. Lushoto.
Nimeteuliwa! Chama cha Waamuzi wa Kriketi wa Usambara kinataka historia yake, na mwandishi ni mimi, Mbaraka, darasa la tatu na robo. Jumapili timu ya Tanga inapanda huku. Wanakuja na mwamuzi wao. Sisi tunatoa mmoja tu, na koti jeupe la mwamuzi ni moja. Mwenyekiti Selemani kasema historia itaamua nani alivae: aliyetangulia kuamua ndiye. Kalamu nani anayo? Mimi!
Nimeandika: mwamuzi wa kwanza, Mbaraka, 1935. Niliinua kidole, ishara ya kumtoa mchezaji, Mzungu mrefu kama mkaratusi akatoka uwanjani analia. (Kweli siku ile nilikuwa nashika kofia zao. Lakini kidole niliinua. Nilikuwa nawaonyesha mpira ulikoangukia.)

Jumatano, 11 Juni.
Nathanaeli, karani wa Mgwashi na mwanachama mwenzangu, kaisoma historia. Eti yeye alianza 1933 na barua anayo. Mtu gani anatunza barua miaka kumi na tisa? Nimefuta, nimeandika 1928. Jioni karudi: kumbe alisahau, alianza 1927. Loo! Mtu mzima, mwimba kwaya, anadanganya mchana kweupe!

Ijumaa, 13 Juni.
Nimefuta tena, nimeandika 1919. Mke wangu Mwanaisha kauliza, 1919 si ndipo nilikuwa nachunga mbuzi wa baba yake kule Bungu, wawili wakanipotea? Nikamwambia mtu anaweza kuchunga huku anaamua. Kacheka mpaka ugali ukaungua.
Nimeongeza kwamba enzi hizo uwanja ulikuwa mteremko. Mchezaji mmoja aliteleza mpaka Mnazi, kule chini bondeni, akarudi siku ya tatu, nami nikazihesabu mbio zake zote.

Jumamosi, 14 Juni.
Kikao. Nimesoma kwa sauti. Nathanaeli kasimama, nikajua sasa ananipinga. Kasema hapingi hata nukta. Kainamisha kichwa: shikamoo, babu. Tumezaliwa mwaka mmoja! Kisha mwenyekiti mwenyewe, ndevu nyeupe, kanipa shikamoo. Kisha chama kizima. Nimeitikia marahaba mpaka koo limekauka. Nimeshinda!

Jumapili, 15 Juni.
Sielewi. Nimefika uwanjani wa kwanza, nimenyoosha mkono nipewe koti. Mwenyekiti kanishika kiwiko polepole. Kasema mzee wa 1919 hasimamishwi juani kutwa. Tanga watasema watu wa milimani hatuna adabu. Nimekalishwa kitini, blanketi magotini. Koti kavaa Nathanaeli! Nimeruka juu kuonyesha nguvu. Wakaniambia taratibu, babu, utaanguka.
Kutoka kitini nimeinua kidole mara nne, kumtoa mchezaji wa Tanga. Kila nikikiinua, mama mmoja, Halima, ananiletea uji. Nimekunywa bakuli nne. Mchezaji hakutoka.

Jumatatu, 16 Juni.
Nimewaza kutwa. Nimeshinda, sasa mbona nimeshindwa? Mwanaisha kasema niandike ukweli: umri arobaini na sita, mshika kofia, miguu mizima. Eti hapo watanisimamisha uwanjani. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Maskini, mambo ya historia hayajui.
Kosa nimeliona mwenyewe. Miaka haikutosha! Nimefuta 1919, nimeandika 1891, zama za Mjerumani. Mtu aliyeanza 1891 na bado anapanda mlima kwa miguu yake, nani atathubutu kumwambia akae?