Upungufu wa Uchoyo Katika Ua Wetu

Mtaa wa Maringo,
Nairobi.
9 Novemba 1984

Kwa Profesa Mkuu,
Idara ya Lishe, Chuo Kikuu.

Mheshimiwa Profesa,

KUH: MALALAMIKO JUU YA UPUNGUFU WA UCHOYO

Nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, kwa hivyo mwandiko ukipinda usinihesabie. Mimi ni mmoja wa akina mama waliochaguliwa katika utafiti wa Lydiah, mwanafunzi wako anayesomea digrii ya pili ya lishe. Aligawa watoto wetu makundi mawili. Kundi la Kwanza walipewa unga wa uji wenye soya na njugu. Kundi la Pili hawakupewa kitu, walipimwa uzito tu, ili ionekane unga umefanya kazi gani. Mwanangu Javan ni Kundi la Pili.

Sasa nasikia makundi yote mawili yamenenepa sawasawa. Nawe umemwambia Lydiah kwamba ama hesabu zake ni za kubuni, ama aliwapa Kundi la Pili unga kwa mkono wake mwenyewe, na kwa vyovyote vile digrii asahau. Profesa, msichana wa watu amelia kwenye stuli yangu mpaka chai ikapoa. Hana kosa. Kosa ni la huu ua tunaokaa, nami naulalamikia kama ifuatavyo:

1. Milango yetu, wangu na wa Mama Phares, ambaye ni Kundi la Kwanza, imetenganishwa na karai la kufulia, basi. Harufu ya uji hatukuelezwa iko kundi gani.

2. Phares hanywi uji peke yake. Nilimwomba mama yake, kwa faida ya sayansi, amnyweshe mlango ukiwa umefungwa. Akaniuliza kama ninaumwa. Hata hivyo alijaribu, Mungu ambariki. Phares akatema uji wote akimwita Javan, na Javan huku nje akaitika kwa kugonga mlango na kichwa, ngo, ngo, ngo. Ni mlango wa mbao ngumu. Tulifungua.

3. Nikaona dawa ni ugomvi. Watu wakikosana, watoto nao huzuiwa kuonana. Nikazing'oa nguo za Mama Phares kwenye kamba, nikazitupa ndani ya karai barazani mbele ya macho ya watu. Mara mvua ikanyesha. Aliporudi kutoka sokoni alinishukuru kwa kumwanulia, akanipa na mboga.

4. Kundi la Pili tuliambiwa tusibadilishe chochote nyumbani. Mume wangu Wekulo alipoachishwa kazi kiwandani, nilimwuliza Lydiah kama mabadiliko hayo yanaruhusiwa. Ulipokuja huu unga wa njano wa msaada wa njaa na foleni zake, nikauliza tena. Tulipoanza kula mara moja kwa siku, nikahakikisha inabaki mara moja ile ile, nisije nikaharibu kazi ya wasomi. Sidhani kuna mtu aliyekitii chuo chenu kuliko mimi.

5. Kuhusu Lydiah mwenyewe, nathibitisha kwa maandishi kwamba hakuwahi kumpa Javan hata tone. Alikuwa anamtundika kwenye mizani yake, anasoma, anaandika, anageuza uso, anakwenda zake. Ndivyo mlivyomfundisha, na hapo amefuzu kabisa.

Kwa sababu hizo naomba mtujengee ukuta katikati ya ua, mrefu, usiopitisha harufu wala sauti ya mtoto. Kama saruji ni shida, basi utafiti ujao upelekwe kule kwenye mitaa ya michongoma, ambako geti limeandikwa Mbwa Kali na mtoto hajui jina la mtoto wa jirani. Huko makundi yatakaa mbalimbali bila kusumbuliwa na mtu. Ila nasikia watoto wa huko wote wameshiba, sasa sijui mtampima nani. Na kama yote mawili hayawezekani, mpe msichana digrii yake. Uzembe wetu wa kushindwa kuchukiana usimwangukie yeye.

Wasalimie walimu wenzako, wanafunzi, mama watoto na watoto wenyewe. Natumaini wanakula vizuri, kundi lolote walilomo.

Ni mimi, kwa heshima nyingi,
Annah Nabiswa (Mama Javan),
Kundi la Pili.

Nyongeza: Tafadhali mwambie Lydiah kile kikombe chake cha kijani bado kiko kwangu. Tangu siku ile ya kwanza alipomtoa Javan kwenye mizani, akaisoma, akaisoma tena, kisha akaenda mwenyewe kwa Mama Phares na kumletea mtoto uji ndani ya kikombe hicho, Javan hataki kunywea kingine. Nimekisugua kinang'aa. Aje akichukue mwenyewe, mtoto anamwulizia.