Bahari Iliyohamia Ofisini

Idara ya Usalama wa Maji ya Kuogelea ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani na vipaza sauti vilivyokwaruza, kwamba bahari imepona.

Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi mwenyewe, akiwa amesimama ufukweni juu ya jukwaa la zulia, leso imembana pua. Leso hiyo, alifafanua, ilikuwa ya mafua.

"Kuanzia leo bendera ya kijani itapepea hapa bila kukoma," alisema. "Na Jumamosi, mbele ya Mheshimiwa Waziri, watoto wa shule wataoga hapa hapa. Mwananchi, oga! Kunywa usinywe, lakini oga!"

Watu wakapiga makofi. Nyuma ya jukwaa, bomba la majitaka nalo likakoroma, likatapika yaliyokuwa tumboni mwake, likanyamaza. Mtoto mmoja akauliza vile vinavyoelea ni nini. Katibu wa Idara, msomi wa siku nyingi, akamjibu kwa hekima ya wahenga: "Vyaelea vimeundwa, mwanangu."

Miongoni mwa waliopiga makofi alikuwemo binti wa maabara ya Idara. Ofisini walishasahau jina lake; walimwita Bi Chupa, kwa kuwa hakuonekana bila chupa ya sampuli mkononi. Siku hiyo alipiga makofi kwa shida, maana mkono mmoja ulishika chupa na wa pili ulimshika mtoto wa dada yake, Kibibi, aliyekuwa na pamba sikioni.

"Mama mdogo, eti bahari imepona?"

"Ndivyo walivyosema."

"Mbona sikio langu halijapona?"

Bi Chupa akatazama mchanga. Alikuwa mtu wa haya. Hata kuku akimkatiza njia, yeye ndiye aliyeomba radhi.

"Jumamosi usiingie majini, mwanangu."

"Mwalimu amesema tuiheshimu bendera. Na mimi niko mstari wa mbele!"

Isidhaniwe kwamba Idara haikuwa ikipima maji. Ilipima mno. Zamani sampuli ilichotwa mdomoni mwa bomba, pale watoto wanapopenda kuoga kwa sababu maji yake ni ya vuguvugu. Majibu yakaja mabaya. Mkurugenzi akafanya lile ambalo kiongozi mwenye maono hufanya: akahamisha kituo cha kupimia. Kikaenda nyuma ya miamba, majibu yakawa mabaya kwa adabu. Kikaenda kilindini, majibu yakapendeza, ila Mkurugenzi alitapika ndani ya boti, na haikuwa heshima kwa cheo chake kuongeza uchafu alioapa kuupiga vita.

Ndipo likanunuliwa tangi kubwa la kioo, la kufugia samaki wa mapambo. Likajazwa maji ya kilindini, likatiwa samaki wawili watatu na kuwekwa ofisini kwa Mkurugenzi, kati ya kiti chake na picha yake. Mwanasheria wa Idara akatoa hoja kwamba maji ya bahari ni bahari popote yalipo, kama vile Mkurugenzi ni Mkurugenzi hata akiwa msalani. Tangi likawa Kituo Rasmi cha Bahari. Tangu hapo bahari haikuugua tena.

Bendera nyekundu nayo iliwekewa utaratibu. Zamani ilipopandwa penye bomba, watu waliukimbia ufukwe mzima, hadi mbele ya hoteli wanakopumzika wakubwa. Mkurugenzi akatunga kanuni, akaitia kwenye fremu na kuitundika mlangoni pake: bendera nyekundu ipandwe pale ilipochotwa sampuli, na hapo tu, mahali hapo pafungwe, na walioondolewa wahamishiwe sehemu ya karibu yenye bendera ya kijani.

"Habari mbaya," alipenda kusema, "ikae ilipozaliwa."

Alhamisi mchana Bi Chupa alijikaza kisabuni, akagonga mlango huo. Kamati ya Maandalizi ilikuwa mezani, ikijadili wali na kuku kwa kina.

"Samahani mzee. Nilikuwa naomba... Jumamosi watoto wasiingie majini. Wanaumwa masikio. Matumbo pia."

"Umepima wapi?"

"Sijapima, mzee. Kituo ni hapa."

"Ahaa! Kwa hiyo umekuja na huruma, hukuja na majibu." Kamati ikacheka, mwanasheria akapaliwa na mfupa. "Chota hapa, binti. Majibu ya hapa nitayafuata neno kwa neno. Mimi ni mtu wa kanuni, au siyo jamani?"

"Kabisa, mzee!" ikaitikia Kamati.

Walipomaliza kula, ikagundulika kwamba maji yamekatika jengo zima. Wajumbe wakabaki wamenyoosha mikono yenye mafuta mithili ya watu waliotekwa. Mkurugenzi akainuka, akaenda kwenye tangi, akatumbukiza mikono yake.

"Mnaogopa nini? Haya si yamethibitishwa? Naweni!"

Wakanawa mmoja mmoja kwa mfuatano wa vyeo. Katibu alichelewa kidogo. Alikuwa ametoka msalani, ambako bomba nalo lilikuwa kavu, hivyo alinawa hadi kwenye viwiko na kusugua vidole kwa utulivu. Samaki wakajibanza kona moja kama abiria waliokosea basi.

Bi Chupa alisubiri kila mtu amalize, kwa adabu. Kisha akachota chupa yake, akashukuru, akaondoka.

Jumamosi asubuhi alifungua maabara. Vijidudu vya kinyesi vilikuwa vimejaa kwenye kisahani cha vipimo hadi vikakosa pa kukaa. Akahesabu upya, asije akawasingizia wakubwa. Akafikiria kunyamaza, maana kipaji cha kunyamaza alikuwa nacho. Lakini akaikumbuka ile pamba sikioni. Akaenda stoo, akachukua bendera nyekundu iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani, akaipanda kando ya kiti cha Mkurugenzi. Halafu akamweleza mlinzi, ambaye wote walimwita Afande na ambaye maishani alipenda vitu viwili tu, chai na amri.

Mkurugenzi alipofika na suti yake mpya, Afande alikuwa ameuziba mlango.

"Hapo hapo, mzee. Bahari imefungwa."

"Bahari gani? Hii ofisi yangu!"

"Ilikuwa, mzee. Mwanasheria alishasema ni bahari."

"Unanijua mimi nani?"

"Nakujua vizuri. Ndiyo maana sitaki uumwe tumbo."

Waziri naye akatokea na msafara wake, akimpitia Mkurugenzi waende ufukweni. Akaisoma fremu ya mlangoni polepole, akitingisha kichwa.

"Kanuni hii ni yako, Mkurugenzi?"

"Ni yangu, Mheshimiwa, lakini..."

"Nzuri sana. Itekelezwe."

Ikatekelezwa. Meza ya Mkurugenzi ikabebwa, na kiti, na simu isiyo na pa kuchomekwa, hadi kwenye bendera ya kijani iliyo karibu. Nayo ilikuwa mdomoni mwa bomba. Mkurugenzi akaketi, tai imenyooka, viatu mchangani. Mbele yake watoto walijipanga na nguo za kuogelea, Kibibi wa kwanza, wakingoja filimbi. Waziri alichagua kusimama upande unakotoka upepo.

Bomba likakoroma.

Mkurugenzi, ambaye kwa miaka alieleza kuwa mkoromo huo ni wa mawimbi, alionekana kuujua vyema. Akatazama huku na huku. Bomba likatapika. Yale ya vuguvugu yakaja yakitambaa, yakapita chini ya meza, yakaingia viatuni.

"Watoto watoke!" alipiga kelele huku akiparamia meza. "Watolewe wote! Leteni bendera nyekundu! Mwiteni fundi wa bomba, aje sasa hivi!"

"Mzee," alisema Katibu akiwa mbali, "kanuni inataka sampuli kwanza."

"Basi ichotwe!"

Kila mtu akamgeukia Bi Chupa. Akasogea kwa haya, akainama penye kiatu cha kushoto cha bosi wake, kilichokuwa kimebaki mchangani kimejaa pomoni, akachota humo.

"Samahani, mzee," alisema.

Waziri akainusa chupa kwa mbali, akatamka kwamba majibu yasingoje maabara. Afande, aliyekuja na meza, akaing'oa bendera ya kijani. Nyekundu akaipanda pale ilipochotwa sampuli, na hapo tu: ndani ya kiatu. Walimu wakawarudisha watoto nyuma, hadi barabarani. Ukabaki utata mdogo wa kiutawala. Mkurugenzi alipaswa kuhamishiwa sehemu ya karibu yenye bendera ya kijani, na ufukwe mzima haukuwa nayo tena. Akaambiwa asubiri palepale mezani.

Kibibi alimtazama kwa muda, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bi Chupa.

"Mama mdogo, yule babu juu ya meza anangoja nini?"

"Anangoja bahari ipone, mwanangu."