Makumbusho ya Gemu za Kaseti, Mtaa wa Sikukuu

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Wiki imeanza vibaya. Muhannad, mwenye duka la vifaa vya umeme linalotazamana na meza yangu ya makava ya simu, kaweka mashine ya gemu ya zamani kwenye kabati lake la kioo. Ile ya kijivu, ya kaseti, tuliyokuwa tunaipuliza kama jiko la mkaa ndipo iwake. Vijana wa Upanga wanashuka kwenye bajaji kuja kupiga nayo picha. Eti wanazikumbuka hizo enzi! Wamezaliwa lini?

Binti mmoja, Shaima, kamuuliza bingwa wa zama hizo alikuwa nani. Muhannad, bila kupepesa jicho, kajibu ni yeye. Yeye! Nimekua naye huyu. Alikuwa anabandika mdomo wa bunduki ya plastiki kwenye kioo cha TV, na bado bata wa kwenye gemu wanamponyoka! Bingwa wa kupiga bata kwenye kibanda cha gemu nilikuwa mimi, Kasmir. Mtaa mzima unajua. Wengi wamehama, lakini huko waliko wanajua.

Nimeamua. Nafungua makumbusho ya gemu sebuleni kwangu. Nimemweleza mke wangu Severa. Kaniuliza kama nimekula.

Kesho anakwenda Masasi kumchukua mama yake, anayekuja kutibiwa macho. Kaniomba jambo moja tu: nisiiguse TV yake. Ni flati, mpya, kaipata kwenye mchezo wa akina mama wa kuchangiana pesa. Nimeahidi. Niiguse ya nini?

Jumatano, 13 Agosti

Abubakary, wakala wa kutoa mizigo bandarini, kaniletea mashine. Kaapa imetoka Japani moja kwa moja. Kweli imetoka Japani. Ambalo hakusema ni kwamba umeme wa Japani ni mdogo na wetu ni mkubwa.

Nimechomeka. Taa nyekundu ikawaka. Machozi yakanilengalenga. Kisha moshi. Wapangaji wenzangu wakaja na ndoo za maji na maneno makali.

Nimempigia Abubakary. Kasema moshi mzito kiasi hicho ndiyo dalili ya orijino. Feki inatoa kamoshi tu. Hapo nikatulia. Jioni kaniletea nyingine, ya Kichina, yenye kaseti ya bata na bunduki yake. Kaondoka na begi langu zima la makava. Safi! Sasa tutaona nani bingwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepiga bata asubuhi nzima. Hakufa hata mmoja. Nimesogea. Nimerudi nyuma. Nimepiga magoti, nimelala kifudifudi kama askari. Bata wanapita zao, wanaringa.

Nikavuka kwa Muhannad. Nikamuuliza kijanja, kwa niaba ya rafiki yangu fulani. Akacheka mpaka akashika kaunta. Kasema nimwambie huyo rafiki yangu kwamba bunduki zile hazielewani na flati, zinataka TV ya kichogo, ile nene ya zamani. Na kwa bahati anacho kimoja stoo. Kwa heshima ya huyo rafiki, yuko radhi kubadilishana na flati.

Nilifikiri haraka, kama kawaida yangu. Flati ya Severa nyepesi, naibeba kama sinia. Kichogo cha Muhannad kimebebwa na makuli wawili, na njiani wamekitua kila kona wakihema. Nani kamtapeli nani? Nimerudi nyumbani najichekea mwenyewe.

Severa anarudi Jumamosi. Nitapata la kumwambia. Maneno huwa yananijia.

Jumamosi, 16 Agosti

Hayakunijia.

“Kasmir, hiki ni nini?”

“TV.”

“TV yangu iko wapi?”

“Imeenda kupumzika.”

Nilikusudia kusema imeenda kwa fundi. Mdomo una mambo yake.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akakipapasa kichogo na kutabasamu. Kasema angalau hii ni TV ambayo mtu anaweza kuiwekea kitambaa. Hapohapo akatoa kwenye begi kitambaa cha kufuma chenye maua, akakitandika juu.

Severa hajasema neno tena. Nimejaribu kukohoa. Kimya. Nimesifu kuku wa Masasi aliyekuja naye. Kimya. Bora angepiga kelele.

Jumapili, 17 Agosti

Uzinduzi! Shaima kaja na wenzake. Kanipa shikamoo anko. Anko! Muhannad kaja na kanzu nyeupe na manukato, kama kaja harusini.

Nimetoa hotuba. Nimeeleza tulivyopanga foleni kibandani, tulivyopuliza kaseti mpaka tukaona nyota. Nilipogeuka, vijana walikuwa wanapiga picha kitambaa cha mama mkwe. Wanasema hicho ndicho cha zamani hasa.

Kisha shindano. Muhannad kaanza. Kabandika bunduki kwenye kioo, vilevile kama utotoni. Kakosa wote! Nikapiga makofi peke yangu.

Zamu yangu. Nikavuta pumzi. Vidole vyangu vimekua, bunduki haijakua. Nimekosa wote. Nikatangaza kwamba waya una hitilafu.

Ndipo mama mkwe akainuka kwenye kochi, akaomba ajaribu. Nikamkumbusha kwa adabu hali ya macho yake.

“Lenye mtoto wa jicho ni la kushoto,” akasema. “Ukilenga shabaha unalifumba hata hivyo.”

Bata wa kwanza, chini. Wa pili, chini. Wakawa wanatoka wawiliwawili, wanaanguka wawiliwawili. Gemu ikaongeza kasi. Yeye akaongeza utulivu. Kumbe alipita mgambo, kulekule Masasi, enzi za vita vya Msumbiji! Miaka yote hii nimeoa, hakuna aliyeniambia! Vijana wakapiga yowe. Muhannad kamwinamia mama akambusu mkono. Shaima karekodi kila kitu, pamoja na mimi nikishika waya.

Jumatatu, 18 Agosti

Video imezagaa. Watu wamejaa Mtaa wa Sikukuu wanamuulizia Bibi Shabaha. Nikaiona fursa: nitakuwa meneja wake. Nikaketi kufikiria sare.

Nilipomaliza kufikiria, Severa alikuwa keshavuka barabara. Kakaa na Muhannad, wakanywa kahawa, wakagawana dunia. Flati inarudi nyumbani. Kichogo, mashine na bunduki vinakwenda dukani. Mama atakaa huko alasiri akitoka kliniki, kwenye kiti cha enzi, na kahawa na kashata, na atakayenunua simu atapata nafasi ya kuchuana naye. Mama mwenyewe kakubali kabla hajamaliza kuulizwa. Kasema nyumbani kwangu hakuna watu wa kuongea nao.

Nikauliza mimi nimepangiwa nafasi gani.

“Wewe utabeba kichogo,” kasema Severa.

Nimekibeba. Peke yangu. Nimekitua kila kona nikihema. Vijana wakanirekodi tena.

Jumatano, 20 Agosti

Makumbusho yamefungwa. Mgongo unauma. Wateja wote wako ng'ambo, wanamshangilia mama mkwe wangu. Flati iko ukutani na Severa kanisamehe. Kasema maneno mawili matatu mazuri, nikamwapia kwamba mtu mzima hufunzwa na yaliyompata.

Leo nimekaa mezani kutafakari makosa yangu kwa moyo mweupe. Nimeligundua. Ni moja tu: nilianza na mashine ndogo.

Abubakary kapiga simu. Kuna kontena limefunguliwa, ndani yake mashine ya gemu ya kusimama, kubwa kama kabati la nguo, ile ya kutumbukiza sarafu. Muhannad hana! Bongo nzima hakuna! Nzima kabisa, kasema, vitufe vyote, rangi yake ileile. Inakosa kioo tu. Nikauliza kioo cha aina gani. Kasema flati yoyote ya kawaida.

Severa kampeleka mama kliniki. Nimechukua futi nikapima pale ukutani, mara mbili ili nisikosee.

Inaingia kama imetengenezewa.