Vigezo Vinne vya Ignat

Jumatano, 18 Desemba. Plovdiv.
Nimeipata! Lugha yetu ya programu haiulizi kitu ni cha aina gani hadi dakika ya mwisho, ndiyo maana inajikokota. Kiongezo tunachokitengeneza, yaani kitafsiri, hugeuza kila kitu mapema kuwa lugha ya mashine ili kiende mbio. Sasa nimebuni aina zenye vigezo: unaandika “orodha ya kitu fulani” mara moja tu, na kitafsiri kinakutolea nakala ya namba, ya maneno, ya chochote utakacho. Vigezo vinne, yaani nafasi nne za “kitu fulani”! Zlatina, wa meza ya pili, anataka kimoja tu. Maskini. Eti kila nikiongeza kigezo, nakala zinazidishana. Nikamwambia wivu hauna dawa. Ijumaa mkuu wetu Radko anaamua muundo wa nani uingie. Lazima uwe wangu.

Alhamisi, 19 Desemba.
Mbinu! Kesho ni Ignazhden, sikukuu ya jina langu. Mgeni wa kwanza kukanyaga kizingiti ndiye huleta bahati ya mwaka mzima. Nimemwalika Radko aje mapema, ale banitsa, pai yetu ya maboga, aone kazi yangu, aseme ndiyo akiwa ameshiba. Mama kaambiwa asimfungulie mwingine. Zlatina hajui lolote. Hehee!

Ijumaa, 20 Desemba.
Kengele. Mama akafungua. Zlatina! Mama anajitetea eti sikukuu ya jina haina mwaliko, na mtoto wa watu hafukuzwi mlangoni. Zlatina akachokoa jiko kwa kijiti kama desturi ya mgeni wa kwanza, akatuombea vifaranga na wajukuu. Mama machozi ya furaha. Radko akaja wa pili. Nikabonyeza kitufe, kazi yangu ianze. Kitafsiri kikatoa nakala. Tukala banitsa. Kikatoa nakala. Tukamaliza hata njugu za jozi. Kompyuta ikapata moto, paka akahamia juu yake. Kisha zii, imezimika! Zlatina akafungua yake, ikamaliza Radko hajameza tonge. Radko akaniambia, Ignat ndugu yangu, hapa kilichofaulu ni banitsa. Aibu gani hii!

Jumatatu, 23 Desemba.
Radko kaniagiza nifute vigezo vitatu, nifuate muundo wa Zlatina. Mama anauliza Zlatina atarudi lini. Yaishe. Nimefuta vyote vitatu, roho safi, funzo nimelipata. Katika kigezo kile kimoja kilichobaki nimechomeka kijambo kidogo tu, hakuna atakayegundua: unakipa namba, nayo namba inaamua vigezo viwe vingapi.