Kikohozi cha Mtaa Mzima

Jumatatu, 6 Mei

Siamini masikio yangu. Serikali imetukumbuka! Ofisa wa wilaya alisimama leo kwenye kona, kipaza sauti mkononi, akatangaza kwamba tutajengewa zahanati. Zahanati! Sisi ambao mtu akiugua tunamfunga nyuma ya baiskeli mpaka hospitali ya wilaya, akifika huko ama amepona mwenyewe ama hahitaji tena kupona. Watu wakashangilia. Mimi nikawapita wote kwa kelele, maana kiwanja cha wazi cha mtaa wetu kinatazamana na kibanda changu cha ufundi saa. Tangu simu zianze kuonyesha saa, wateja wangu ni nzi. Wagonjwa wakisubiri daktari watahitaji chai. Nitauza chai!

Kisha ofisa akaendelea. Zahanati ni moja. Mitaa ni miwili, wetu na ule wa ng'ambo ya mtaro. Bwana afya atapita Alhamisi kutazama hali iko mbaya zaidi wapi, na huko ndiko itakakojengwa.

Ng'ambo ya mtaro anakaa shemeji, kaka yake mke wangu. Mwalimu mkuu mstaafu. Hata kwenda sokoni anavaa tai. Kamati ya maji, mwenyekiti yeye. Ya ulinzi, yeye. Ya mazishi, yeye. Akanipiga bega, akasema nisiwe na wasiwasi, zahanati ikijengwa kwao atanikaribisha nije kutibiwa. Kunikaribisha! Mbele za watu!

Lazima mtaa wetu uwe hoi kuliko wao.

Jumanne, 7 Mei

Nimekagua mtaa mzima. Balaa! Watu wana afya.

Mwashi anabeba mifuko miwili ya saruji kwa mkupuo huku anapiga mluzi. Mama muuza mkaa akicheka, madirisha yanatetemeka. Watoto wamenona, wanakimbizana hovyo bila hata mmoja kuanguka. Kwa mtaa wa namna hii serikali italeta uwanja wa mpira.

Nikaitisha kikao nyuma ya kibanda cha kinyozi. Nikawaeleza kwamba hatumdanganyi mtu yeyote. Kuumwa tunaumwa, ila si siku ambazo serikali inapita. Basi Alhamisi tuwasaidie waone. Mwashi akauliza kama jambo hili ni dhambi. Nikamwambia ni maendeleo. Akaridhika.

Mke wangu hakuridhika. Amesema serikali si ya kuchezewa, na kwamba kaka yake hata siku moja hajawahi... Nilitoka kabla hajamaliza.

Jumatano, 8 Mei

Mazoezi. Aibu tupu!

Mwashi anakohoa kama mtu anayebisha hodi. Kinyozi anaanza vizuri, katikati anaangua kicheko. Mama muuza mkaa nilimwambia achechemee, akasahau mguu upi, akachechemea yote miwili. Ilionekana anacheza ngoma. Nilikaa chini, kichwa mikononi.

Hapo ndipo shangazi alipotoka. Huyu ni dada wa marehemu baba, anakaa kwetu, chumba cha uani. Mtu mkimya, hujui kama yupo. Akasimama mlangoni, mtandio begani, akakohoa.

Jamani! Kikohozi kilianzia kwenye nyayo. Kikapanda, kikamkunja, akashika mlango kwa mikono yote miwili, jasho likamchuruzika. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasimama wima. Nikamwambia, "Shangazi, kumbe una kipaji hivi na umekificha!" Akatabasamu, akasema anajitahidi.

Nimempa cheo papo hapo. Mkufunzi mkuu wa kikohozi. Kila mtu akapita mbele yake kujifunza, naye akawaonyesha, na kila nilipoona hawajashika nikamwomba arudie kwa nguvu zaidi. Alirudia. Baadaye akaomba akalale, jua bado liko juu. Wasanii ndivyo walivyo, wanachoka upesi.

Shemeji kwisha habari yake!

Alhamisi, 9 Mei

Niandike kama ilivyotokea.

Bwana afya alifika asubuhi na nesi wake. Nikatoa ishara kwa kuvua kofia. Mtaa ukaitika! Kinyozi hakucheka hata kidogo. Mwashi alijilaza kibarazani akikoroma kwa kifua. Shangazi alikaa mbele kabisa, nilimwekea kiti. Alikuwa bora kuliko jana. Nilitokwa na machozi ya fahari.

Nikamtazama bwana afya usoni, nikitegemea kuona huruma. Nikaona hofu! Alirudi nyuma hatua kwa hatua. Akafunika pua na mdomo. Akamnong'oneza nesi, akatoa simu, akazungumza na wakubwa huku ametupa mgongo.

Kabla ya adhuhuri wakaja mgambo. Na kamba! Kamba huku mwanzo wa mtaa, kamba kule mwisho. Hatoki mtu, haingii mtu, mpaka sote tupimwe. Wanahofu ni ugonjwa mpya.

Niliiomba serikali zahanati, imenipa kamba.

Ijumaa, 10 Mei

Siku nzima watu wananitazama. Afadhali wangenitukana.

Mwashi alikuwa aanze leo kazi ya ghorofa, kazi aliyoisubiri muda mrefu. Ameshapewa mwingine. Mama muuza mkaa amekaa juu ya magunia yake, hacheki. Kinyozi anawaona wateja wake kwa mbali, ng'ambo ya kamba, vichwa vimenyolewa na mtu asiyemjua. Alisema wamenyolewa vibaya, akageuza uso.

Halafu nani anatokea? Shemeji! Na tai yake. Kamati yake imekusanya unga, maharage na sabuni, wanatupitishia chini ya kamba. Akanipigia kelele kuuliza kama nina shida yoyote. Nikajibu sina. Mke wangu, palepale pembeni yangu, akapokea mfuko mkubwa kuliko yote.

Nikaona liwalo na liwe. Nikamwendea bwana afya, nikaungama. Nikamwambia hakuna ugonjwa, tulikuwa tunaigiza. Akaniuliza kama ni wote. Nikaapa, wote kabisa! Akasema wagonjwa wengi hukana wakiona sindano. Akaagiza mimi nitolewe damu wa kwanza. Na makohozi pia nilitakiwa kutoa. Sikuwa nayo. Niliyeufundisha mtaa mzima kukohoa, nilishindwa kukohoa!

Jumatatu, 13 Mei

Kamba zimekatwa. Bwana afya alitangaza kwamba hakuna ugonjwa mpya, na kwamba hajawahi kukutana na mtaa wenye mapafu mazuri kama wetu. Alisema kwa hasira, lakini alisema. Watu wakarukaruka. Mama muuza mkaa akanirushia kandambili, ikanipata.

Nikadhani yamekwisha. Niko uani najipaka dawa, nesi akaingia taratibu, akarudisha mlango, akamuulizia shangazi. Akasema majibu ya watu wote ni safi, isipokuwa ya mmoja. Shangazi ana kifua kikuu.

Nilicheka. Naandika ukweli, nilicheka. Nikamwambia nesi amechanganya, huyo ndiye mwigizaji wetu hodari. Nesi hakucheka. Mke wangu hakucheka. Shangazi alikuwa amekaa kitandani, akiutazama mtandio wake.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikuigiza. Nakohoa tangu mvua zilizopita."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwa upole kwamba aliniambia, na zaidi ya mara moja, ila nilikuwa nimeweka saa sikioni.

Nilimpigia makofi! Nilimwambia arudie kwa nguvu! Nilimwekea kiti mbele! Naye alikubali kwa sababu, alivyosema, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsikiliza akikohoa, na alitumaini bwana afya atamsikia vizuri.

Nesi akaeleza kwamba ugonjwa huo unatibika. Dawa ni za serikali, za bure, atameza kila siku kwa miezi sita bila kuruka, naye mwenyewe atakuwa anapita kumwangalia. Sisi wa nyumbani na majirani waliokaa naye karibu tutapimwa tena baadaye. Shangazi angechelewa mpaka mvua nyingine, nesi hakupenda kusema ingekuwaje. Kisha akauliza kwa nini chumba hakina dirisha. Kinalo. Nililiziba mimi kwa maboksi ya saa mbovu.

Nimeyatoa yote. Hewa ilipoingia, shangazi alifumba macho. Nimekaa nje ya mlango wake mpaka chakula kikapoa. Sijui nijiite nani.

Jumatano, 15 Mei

Ofisa amerudi na kipaza sauti chake. Zahanati inajengwa ng'ambo ya mtaro!

Sababu? Sisi ndio mtaa wenye afya kuliko yote wilayani! Bwana afya amethibitisha! Kule kwao hakuna aliyekohoa wala kuchechemea. Walikaa tu wakapimwa, wakakutwa na wazee wenye shinikizo la damu na watoto wenye minyoo. Na mwenyekiti wa kamati ya zahanati ni nani? Sitaandika.

Jioni shemeji akaja na kiti chake mwenyewe cha kujinyoosha, amekibeba kichwani, tai imeenda upande. Akakiweka uani ili shangazi apate jua na upepo. Akakaa naye, wakapiga soga za zamani, shangazi akacheka, akakohoa, akafunika mdomo kama alivyoelekezwa. Mimi sikuwahi kufikiria kiti. Nilimwonea kijicho hata kwa hilo.

Jumapili, 26 Mei

Shangazi ameanza kula. Leo amemaliza sahani na kuuliza kama kuna kingine! Mke wangu alilia jikoni, mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

Nimetafakari sana. Bila mpango wangu, bwana afya asingemwona shangazi. Kwa hiyo mpango ulifaulu! Nilimweleza mke wangu, akasema nirudie hayo maneno mbele ya kaka yake nione. Akanitaka niape kwamba sitaichezea serikali tena. Nikaapa, mkono juu, kwa dhati kabisa.

Mchana nikaenda kwa kinyozi, ameanza kunisalimia. Akaniambia amesikia kwa mtu wa ofisini kwamba serikali inataka kujenga kituo cha zimamoto. Kimoja! Nyumba za watumishi, mnara, gari jekundu. Mahali bado hapajaamuliwa. Watakwenda kwanza kuangalia wapi panaungua mara nyingi.

Nimekagua mtaa wetu. Balaa! Hakuna kinachoungua.

Moto mdogo tu unatosha. Wa kuonyesha.