Kofia ya Bulaimu na Shingo ya Bwana Harusi

Kindu, Jumamosi, 6 Shaaban 1304

Mkeka umelowa tena. Jasho! Nimelilaumu blanketi. Juzi nililaumu mchele wa Kibombo. Kanzu nayo inanipwaya. Fundi aliikata vibaya, ingawa mwaka jana ilinibana. Miguu inawasha, upele sioni. Mbu, bila shaka.

Vinundu vya shingoni bado vipo. Vimepata wenzao kwapani. Haviumi. Nusu ya mji huu huja kwangu kutibiwa kwa kuwa nilisoma Unguja, na wote nawaambia jambo moja: mtoki unaouma, wenye kidonda karibu, hupoa kidonda kikipona. Mtoki usiouma, unaokua mwezi baada ya mwezi huku mwili unakonda na usiku jasho linamwagika, huo si wa kuchezea. Maneno mazuri. Ni ya wagonjwa.

Mimi si mgonjwa. Mimi ni mchumba.

Jumapili, 7 Shaaban

Bibi Zawadi, mjane wa Lokandu, amekubali tuoane kabla ya Ramadhani. Samaki anaowapika! Mwaka jana nilifuturu mihogo niliyochoma mwenyewe: nje mkaa, ndani mbichi. Uzee huu sitaumalizia kwenye mihogo ile.

Tatizo ni Hamadi kinyozi. Bwana harusi hapa hunyolewa barazani mbele ya watu, wanawake wakipiga vigelegele. Hamadi ataniinamisha, ataiona shingo, atatangaza. Mtu huyu hawezi kuficha hata chunusi ya mwenzake. Tena aliwahi kumposa Zawadi, akakataliwa.

Nimempelekea salamu kwamba nitajinyoa mwenyewe, kwa unyenyekevu. Amejibu kwamba unyenyekevu haunyoi kisogo, na kwamba mikono yangu inatetemeka hata nikishika tasbihi.

Jumatano, 10 Shaaban

Wazo! Vinundu vinahitaji sababu. Sababu ni kichwa kibovu, kwani ugonjwa wa kichwa huvimbisha mitoki ya shingo. Bulaimu muuza samaki ana mapunye: mabaka ya duara, magamba, nywele zimekatika. Mimi mwenyewe nilimkataza asimwazime mtu kofia wala kitana. Leo nimeiazima kofia yake. Akashangaa: "Mwalimu, si ulisema...?" Nikamwambia elimu haisimami pale pale.

Nimeivaa hadi msikitini. Inanuka kambale.

Jumamosi, 20 Shaaban

Alhamdulillahi, mapunye! Baka moja safi, duara kama kisahani. Linawasha hadi raha.

Kisogoni vimetokea vinundu vidogo, laini, na vinauma nikivigusa. Vile vya zamani ni vigumu kama mpira wa msituni, vinateleza chini ya kidole, kuuma haviumi. Sasa hata kipofu atavitofautisha. Mpango una kasoro.

Nimejipaka ndimu kutuliza mwasho. Nimepiga yowe. Watu wote nilishawakataza ndimu kichwani.

Alhamisi, 25 Shaaban

Harusi. Nilifunga kilemba hadi masikioni. Hamadi akakifungua kama anayemenya ndizi, akapaza sauti kwamba bwana harusi ana kichwa cha mtoto wa chuo cha Kurani. Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikafurahi! Macho yote yalikuwa kichwani.

Kisha akaniinamisha shingo. Vigelegele vikakatika.

Nikasema haraka kwamba yote ni ya mapunye. Hamadi akasema ni majipu, atayatumbua sasa hivi, wembe anao mkononi. Hapo Zawadi akatokea, bibi harusi mzima, mbele ya wanaume, akamwamuru aweke wembe chini. Akanigusa shingoni. Akanigusa kwapani, hadharani, aibu gani hii! Akauliza: "Muzee, hii inauma?" Nikasema inauma mno. Akabonyeza kwa nguvu. Nikasahau kulia.

Akasema marehemu mumewe alianza hivi hivi: jasho, kukonda, kujikuna pasipo upele. Naye alililaumu blanketi. Yeye Zawadi aliliosha blanketi lile mpaka likachanika, na mume akaondoka vile vile. Akaniuliza kama nilitaka azike tena bila hata kuambiwa.

Nikaungama. Mimi! Mbele ya watu!

Nikasema yote, hadi kofia. Bulaimu akaidai kofia yake pale pale.  Zawadi akasema kuzika anajua, kudanganywa hataki. Ataolewa, ila nisimdanganye tena, kubwa wala dogo, kwa siku zilizobaki. Nikaapa. Nikanyolewa. Hamadi alinikwaruza mara kadhaa, kwa makusudi.

Ijumaa, 11 Ramadhani

Mgonjwa hafungi, kwa hiyo nala mchana na nafuturu pia. Samaki, ndizi, uji. Zawadi amekichemsha kila kitambaa kilichogusa kichwa changu, ananipaka mafuta ya nyonyo taratibu, ndimu ameificha. Mapunye yanapoa. Vinundu vidogo vya kisogoni vimenywea, sawasawa na vitabu vinavyosema. Vile vikubwa havijasoma kitabu.

Sitamaliza mwaka, nadhani. Naandika hili bila kutetemeka. Nilichokiogopa kilikuwa mihogo.

Leo asubuhi Zawadi amefunua mtandio wake mbele yangu. Baka juu ya sikio, la duara. Akauliza, kwa upole kabisa, kama nimekuwa nikilalia mto wake.

Nimeulalia kila adhuhuri. Wake ni laini kuliko wangu.

Nikamwambia ni Hamadi. Siku ya karamu ya harusi aliuegemea, nilimwona kwa macho yangu haya.

Ametoka na mwiko mkononi, anaelekea kwa kinyozi. Ni mbali kidogo. Nimejinyoosha kwenye mto wake kungojea futari.